Pweza ana mdomo wa kasuku? Na kuku je, anatafunia wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mama lishe huku Kilwa Masoko, juzi nasafisha pweza nikakuta katikati ya mikono yake kitu kigumu cheusi kama mdomo wa kasuku. Jirani akasema basi huyo pweza alikula ndege, ni kweli? Na mwanangu nae kaniuliza kuku hana meno sasa mahindi makavu anayatafuna na nini, nikakosa la kumjibu.

JIBU: Nzuri mama, pole na jiko. Pweza wako hakula ndege wowote, huo ni mdomo wake mwenyewe na umefanya vizuri sana kuuangalia maana wengi tunautupa tu na uchafu. Mkipata mwingine mkamue pale mikono minane inapokutana, utatoka mzima, vipande viwili vinapishana, ila tofauti na kasuku ni kwamba kile cha chini ndo kinachokipanda cha juu. Ndo anavyomegea kaa. Sio mfupa ule, ni kitu cha jamii ya gamba la kaa lakini bila chokaa, na mwilini mwake kote hana kingine kigumu kama hicho, ndo maana pweza mkubwa kabisa unamuona anajipenyeza kwenye kitundu cha mwamba mpaka unashangaa, yani mdomo ukipita na mwili wote unapita.

Ngisi na dome, ndugu zake pweza wa baharini, nao wanao mdomo huo. Tena kuna nyangumi mkubwa anaeishi kwa kula ngisi, ile midomo tumbo lake haliwezi kuisaga, na ile ambari, yale mabonge kama nta yanayotumika kwenye manukato, ambayo wazee wa pwani walikuwa wakiiokota ufukweni na kuwauzia Waarabu inatoka kwenye utumbo wake huyo, na ndani yake midomo ya ngisi hukutwa humohumo.

Haya tuje kwa kuku. Yeye hatafuni kabisa mdomoni, anadonoa na kumeza punje nzima, inakaa kwanza kwenye kile kifuko cha shingoni ilainike, inashuka tumboni inachanganyika na asidi, halafu inaingia kwenye firigisi na kusaga kunafanyika hapo. Siku ukichinja mpe mwanao apasue firigisi mwenyewe, ataona nyama nene ngumu, ile ngozi ya njano unayoibanduaga, na vijiwe vidogo ndani. Vile hakuvimeza kwa bahati mbaya, anavidokoa makusudi viwe meno yake, firigisi inabana na kuachia na vijiwe vinasaga mahindi. Kwahiyo kama kuku wako unawafungia bandani na unawapa punje nzima tafadhali wawekee na changarawe, wa kuzurura wanajitafutia wenyewe.

Huko baharini kuna kasa pia, hana hata jino moja. Wa kijani mdomo wake una kingo kama msumeno wa kukatia majani ya bahari, na wa ng'amba, kasa wa aina nyingine, umechongoka kwa ajili ya kuchokonoa sponji (wale viumbe laini wa baharini, sio sponji la godoro) kwenye matumbawe. Ila samaki pono msimuweke kundi hili, najua mdomo wake unafanana na wa kasuku kweli lakini yale ni meno kabisa yameungana, na ukimsogeza karibu na mwanga utayaona moja moja yalivyopangana.