Kuomba msaada sio kukosa imani

Dada, umeuliza kama kumwambia mtu shida zako ni dalili kwamba humtegemei Mungu. Hapana kabisa! Yesu mwenyewe kule bustani ya Gethsemane, usiku wa kabla ya kusulubiwa, aliwaambia wanafunzi wake Petro, Yakobo na Yohana kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa akawaomba wakeshe naye, sasa wewe unajificha kwa nini? Ni kweli walilala, na watu watakuangusha wakati mwingine na inauma sana, ila Yesu hakuona aibu kuwaomba. Hata Musa, alipoinua mikono ili Israeli washinde vita na Waamaleki, mikono ilimchoka, Haruni na Huri wakaishikilia mpaka jua linazama (Kutoka 17). Tafuta mtu mmoja anayetunza siri, na usiishie kwenye "niombee" tu, mwambie wazi unachohitaji, labda akusindikize hospitali au akae na watoto wako. Mpigie leo, usisubiri uzidiwe.