Primula zangu hazinukii

SWALI: Nilipanda primula, yale maua mafupi ya bustanini, kwenye tuta linalopigwa na jua kutwa. Majira ya kuchipua zilitoa maua machache tu, wala hazikunukia. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole, msomaji wangu. Jua hilo ndilo linalozichosha. Primula hupenda jua la asubuhi, kisha kivuli chepesi, na udongo wenye mboji usiokauka, ila maji yasituame. Zangu nilizihamishia chini ya mti unaopukutisha majani, zikachangamka.

Harufu ni suala la aina. Nyingi zenye maua makubwa ya rangi kali zilizalishwa kwa ajili ya rangi, harufu ikasahauliwa. Tafuta Primula veris: maua madogo ya njano, yameinama kama kengele, na utamu wa harufu yake naupenda kupita maua yote ya bustanini. Ipande kando ya njia unayopita kila siku, maana ni fupi, sentimita 20 hivi.

Maua yakiisha, chimbua shina zima na mizizi yake, ligawanye kwa mikono, upande vipande siku hiyohiyo na kumwagilia. Ukitumia mbegu usizifukie; zinahitaji mwanga, tena zitangulie kupata baridi wiki kadhaa. Konokono wanaozila waokote usiku kwa tochi.