Mtoto ana homa na hapati choo: kipi kimeanza?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 3 ana homa tangu juzi, na tangu hapo hajapata choo. Bibi yake anasema choo kikitoka na homa itashuka, anataka tumwekee kipande cha sabuni. Ni kweli? Mama, Uyole, Mbeya.

JIBU: Pole sana, mama. Sabuni msimwekee, tafadhali. Itamchubua njia ya haja kubwa na homa itabaki palepale, maana choo kigumu peke yake kwa kawaida hakileti homa.

Mara nyingi homa ndiyo hutangulia. Mwili ukichemka hupoteza maji kwa jasho na kwa kuhema harakaharaka, na mtoto mwenyewe hana hamu ya kula wala kunywa. Utumbo mpana nao hufyonza maji kutoka kwenye choo mpaka kinakuwa kikavu, vidongevidonge kama vya mbuzi.

Huku kwetu baridi hutupoteza. Mwezi wa sita na wa saba mtoto haombi maji, nasi tunamvisha sweta na kumfunika blanketi mbili juu yake. Anatoka jasho humo ndani bila mtu kuona. Usingoje aseme ana kiu. Vuta ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, uiachie: ikirudi polepole, maji yamepungua. Angalia pia kama mdomo umekauka, na kama mkojo ni kidogo na njano iliyokolea.

Mpunguzie nguo. Mpe maji ya uvuguvugu kijiko kwa kijiko, mara kwa mara, na uji mwepesi. Akianza kula, papai bivu au parachichi litamsaidia kulainisha choo.

Ila homa ina chanzo chake, na hicho hakitafutwi nyumbani. Mpeleke zahanati leo apimwe malaria, hasa kama karibuni mlishuka Kyela, bondeni kwenye joto na mbu wengi. Omba na mkojo upimwe. Hapo bibi ana sehemu ya ukweli: mtoto aliyezoea kufunga choo, choo hukandamiza kibofu, mkojo hautoki wote, vijidudu huzaliana humo na homa inapanda. Homa ya matumbo nayo huweza kuleta homa na kufunga choo kwa pamoja.

Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akipata degedege, au tumbo likiwa gumu na linauma akiguswa, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.