Kuku asiye na kichwa na papa wa barabarani

Kuna kuku aliyeishi miezi 18 bila kichwa. Ukitumiwa habari hiyo leo huenda ukaifuta papo hapo, nawe utakuwa umefuta habari ya kweli. Kuku huyo, Mike, alikatwa kichwa Septemba 1945 huko Fruita, Colorado, Marekani. Shoka lilipita juu mno, likaacha shina la ubongo na sikio moja, na damu ikaganda kabla haijamwishia. Mwenye kuku akawa anamdondoshea chakula kwenye koo lililobaki wazi, na kumvuta makamasi kwa bomba la sindano. Machi 1947 Mike akapaliwa usiku, akafa.

Ndugu na marafiki wamezoea kuniuliza, "Eti hii ni kweli?" Nami nimeshaona kwamba ajabu ya habari peke yake hainiambii lolote. Ninachotafuta ni yale mambo ya kero: mnyama alikula nini, nani alimhudumia, aliishia wapi. Mzushi hupenda kisa kisafi. Tukio halisi lina makamasi.

Chukua simba jike wa Samburu, Kenya, aliyevuma mwaka 2002 kwa kumchukua ndama wa choroa kama mwanawe. Ni kweli tupu. Aliitwa Kamunyak, na alipigwa picha nyingi. Ila wengi wanaoisimulia kama hadithi ya upendo huukata mwisho wake. Simba hakuwa na maziwa ya kumpa yule ndama. Ndama alizidi kudhoofika kwa njaa, na baada ya wiki kama mbili simba dume akamuua. Uchungu huo ndio unaonifanya niamini kwamba wasimulizi wa mwanzo walikuwapo na waliona.

Picha zina njia yake ya kuzikagua. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoifurisha Houston, Marekani, ilisambaa picha ya papa akiogelea kando ya gari barabarani. Picha hiyohiyo mwaka 2011 ilidaiwa kupigwa Puerto Rico! Papa mwenyewe alikatwa kutoka picha iliyochapishwa mwaka 2005, akifuata kayaki (mtumbwi mdogo) baharini Afrika Kusini. Kwa hiyo mimi huiweka picha kwenye huduma ya kutafuta kwa picha, kisha nashuka mpaka matokeo ya zamani kabisa. Ikiwa picha ya "jana" ina miaka sita mtandaoni, sina haja ya kuendelea. Video naisimamisha nikague vibao vya magari, maandishi ya ukutani, mavazi ya watu, upande wa barabara magari yanakopita. Nyingi huanguka hapo.

Picha na video zilizotengenezwa kwa akili unde (AI) hazina picha ya zamani ya kufukua. Hapo najiuliza: mnyama ameonwa na umati, mbona kuna kamera moja tu?

Pia tukio laweza kuwa kweli na maelezo yake yakawa ya kubuni. Mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, kweli aliandamana na kobe mkubwa huko Haller Park, Mombasa. Waliosema amepata "mama" hawakuuliza: kobe yule, Mzee, alikuwa dume.

Nalishikilia sana jambo hili kwa sababu wanaoumia ni wanyama. Kakakuona anawindwa mno kwa ajili ya magamba yanayosemwa ni dawa, na magamba hayo ni keratini, kitu kilekile kilichomo kwenye kucha zako. Habari yoyote inayomfunga mnyama na tiba, uchawi au laana naichuja kwa ukali zaidi. Nisipopata mahali, tarehe wala shahidi, siisambazi, hata kwa kuongeza "jamani, hii ni kweli?" Mtu wa tatu kuipokea huletewa picha tupu, swali lilishaachwa njiani.