Ukitaka kupiga mazurka, anza na mkono wa kushoto

Mpiga kinanda wa kwaya akiniuliza aanze na kipande gani cha Chopin, mtunzi wa muziki wa piano kutoka Poland, humwambia: Mazurka ya B flati, Opus 7 namba 1 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Mazurka ni ngoma ya Kipoland. Ni fupi, dakika mbili na ushee, imechangamka kweli, na haidai vidole vya ajabu kama zile walzi, yaani dansi nyingine ya mapigo matatu, ambazo kila mtu anazikimbilia. Ilichapishwa mwaka 1832, Chopin akiwa ameshahamia Paris na kuiacha Poland kwao.

Noti zake si tatizo. Kazi iko kwenye pigo. Mazurka inahesabiwa kwa tatu, na sisi tuliokulia kwenye tenzi tumezoea kukandamiza la kwanza. Huku uzito unahamia la pili au la tatu, pale ambapo wacheza ngoma wa Mazowsze, eneo linaloizunguka Warsaw, hukanyaga sakafu kwa kishindo. Ukikazania la kwanza unapata walzi, tena walzi iliyopooza.

Kwa hiyo mkono wa kulia upumzishe kwanza. Piga wa kushoto peke yake, besi iguswe tu, kisha zile noti za juu zibebe uzito. Kama kinanda chako kina metronomu, yaani kihesabu mapigo, inayolia kengele kwenye pigo la kwanza, izime kengele hiyo, ubaki na mlio mmoja usiobadilika. Mimi bila hivyo sikufika popote. Sikio lilikuwa likiifuata kengele kila mara. Halafu simama, uicheze kwa miguu, ukikanyaga kwenye pigo la tatu. Funga mlango kama unaona haya.

Charles Hallé, mpiga piano aliyemfahamu Chopin, alisimulia kwamba alimwambia mazurka zake zinasikika kama zina mapigo manne, maana noti ya kwanza aliivuta mno. Chopin akabisha. Hallé akahesabu kwa sauti huku mwenzake akipiga, na nne zikaingia sawasawa. Chopin akacheka, akasema ndiyo asili ya ngoma ya kwao. Lakini hiyo usiiige mapema. Shika tatu zako kwanza, kuvuta kutakuja.

Katikati kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mkono wa kushoto unang'ang'ania G flati na D flati bila kuhama, kama zumari la mfuko la kijijini, na juu yake unapita wimbo wenye noti zinazosikika kama zimekosewa. Hazijakosewa, usizirekebishe! Piga kwa sauti ya chini. Kwenye pedali ya kulia, jaribu kuibonyeza nusu tu. Kinanda cha umeme cha bei ndogo mara nyingi hakikubali nusu, basi iachie na kuibonyeza tena mara kwa mara.

Wimbo wa mwanzo unarudi mara nyingi, na ukiurudia vilevile msikilizaji atachoka kabla yako. Punguza sauti mara moja, mara nyingine chelewesha ile noti ya juu kidogo.

Kasi iache mwisho. Kabla ya kuiongeza, sikiliza Ignaz Friedman, Mpoland aliyezirekodi baadhi ya mazurka karibu na mwaka 1930, kisha Arthur Rubinstein, aliyezirekodi mara tatu maishani. Friedman anakanyaga sana, Rubinstein anateleza. Mimi niko upande wa Friedman.