Macho Yaliyovimba Asubuhi: Yaliyonisaidia na Yaliyonidhuru

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikiamka na uso wa mtu aliyelia usiku kucha, ilhali sikulia. Kope nzito, mifuko miwili imetuna chini ya macho, jicho la kushoto limefinyika kuliko la kulia. Kazini wenzangu waliniuliza kwa upole kama nimefiwa. Swali hilo liliniumiza kila mara, maana nilikuwa mzima, nimeoga, nimekuja kufanya kazi kama wao.

Nikaanza kujaribu kila dawa ya nyumbani niliyosikia. Nyingine zilinisaidia, nyingine zilinipotezea muda, na moja iliniunguza. Laiti ningeanza kwa kujua uvimbe wenyewe ni nini, ningejiepushia mengi.

Mara nyingi ni maji tu. Ngozi inayozunguka macho ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini, haifiki hata milimita moja, na nyama iliyo chini yake imelegea, kwa hiyo maji kidogo yakituama hapo yanaonekana mara moja. Mchana tukiwa wima, maji ya mwilini huelekea miguuni. Usiku tukilala, huenea mwili mzima, na uso hupata fungu lake. Ndiyo maana uvimbe wa kawaida huwa mkubwa wakati wa kuamka, kisha hunywea kadiri saa zinavyokwenda. Chunguza jambo hilo kwanza. Kama kufikia adhuhuri macho yako yamerudi kawaida, dawa za nyumbani zina nafasi. Kama hayarudi, ruka uende mwisho wa makala hii.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni baridi. Chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye kwenye maji baridi sana, ukikamue, kisha ujilaze huku kichwa kimeinuliwa kwa mito. Fumba macho na ukiweke juu yake kwa dakika 10 hadi 15. Kikipata joto, kichovye tena. Baridi hubana mishipa midogo ya damu, na mishipa ikibanwa, maji yanayovuja kuingia kwenye nyama hupungua. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi hiyo nyembamba, kwa sababu huunguza kama moto. Ifunge kwanza kwenye kitambaa. Nikiwa na haraka hutumia vijiko viwili vilivyolala kwenye friji: mgongo wa kijiko chini ya jicho, bila kukandamiza, mpaka kipoteze ubaridi.

Watu hupenda kuniuliza kuhusu tango. Tango ni zuri. Karibu asilimia 95 yake ni maji, kwa hiyo likitoka kwenye friji hukaa na ubaridi wake kwa muda. Ila nimejaribu tango na kitambaa kwa wiki kadhaa kila kimoja, na sikuona tofauti. Kama huna tango, hujakosa kitu.

Vifuko vya chai navyo vina sifa yake. Chai nyeusi na ya kijani zina kafeini, ambayo hubana mishipa, na tanini, ambayo hukaza ngozi kidogo. Loweka vifuko viwili kwenye maji ya moto kwa dakika tatu hivi, vikamue, vipoze kwenye friji, kisha uviweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 10. Nakuomba sana usiviweke vikiwa bado vya moto, na usiache maji yake yachuruzike ndani ya jicho. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya nafuu hapa pia inatoka kwenye ubaridi, lakini wapo wanaoapa kwamba chai inawafaa kuliko maji matupu, na sina sababu ya kuwakataza.

Sasa lililoniunguza. Niliambiwa maji ya limau huondoa weusi chini ya macho. Nikapaka usiku, nikalala. Asubuhi ngozi ilikuwa nyekundu, inawasha, na siku ya pili ikaanza kuchubuka. Macho yalivimba maradufu ya siku zote. Asidi ya limau ni kali mno kwa ngozi ile. Tangu hapo neno “asili” halinitoshi. Na ndani ya jicho lenyewe usitie kitu chochote cha jikoni: si asali, si maziwa ya mama, si maji ya majani yoyote. Vitu hivyo havina usafi wa dawa ya macho, na vijidudu vikiingia kwenye kioo cha jicho vinaweza kuacha kovu linalopunguza uwezo wa kuona.

Jambo lingine linalochanganywa ni baridi na joto. Ukiwa na chokea, au ukiamka kope zimegandiana kwa magamba, joto ndilo linalofaa: kitambaa cha vuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Chokea usilikamue.

Hata hivyo kitambaa baridi kilikuwa kinaondoa uvimbe wa leo tu, kesho narudi palepale. Nafuu ya kweli ilianza nilipogeukia usiku wangu. Nilikuwa nakula nikiwa nimechelewa, tena vyakula vya pakiti vyenye chumvi nyingi, na chumvi hushika maji mwilini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya vyakula vya kununua. Nilipohesabu yangu, nilishtuka. Nikapunguza, nikaongeza mto wa pili chini ya kichwa, nikaacha kulala kifudifudi. Ndani ya wiki mbili niliona mabadiliko.

Kisha kuna kufikicha macho, na hapa nataka nisisitize, kwa sababu sikujua kwamba nafanya hivyo. Mtu wa nyumbani ndiye aliyeniambia kuwa nafikicha nikiwa usingizini. Macho yalikuwa yananiwasha kwa mzio wa vumbi, nami nikiyasugua, uvimbe unazidi, muwasho unazidi. Nilianza kufua foronya na mashuka kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60, joto linaloua wadudu wadogo wa vumbi. Nikawa naosha uso kabla ya kulala na kuhakikisha wanja wote umetoka. Jicho likiwasha, naweka kitambaa baridi badala ya kidole.

Uchovu wa macho ni jambo jirani lakini si lilelile. Tukitazama skrini tunapepesa kidogo sana, na jicho hukauka na kuwaka. Kila dakika 20 natazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, huku nikipepesa kwa makusudi. Na usingizi: mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Hakuna tango linaloziba pengo hilo.

Mifuko inayoletwa na umri ni habari nyingine. Mafuta yaliyo nyuma ya kope husogea mbele kadiri utando unaoyashikilia unavyolegea. Kitambaa baridi hakiyarudishi.

Ukiona jicho moja limevimba ghafla, ni jekundu na linauma, una homa, unaona vitu viwiliviwili, au macho yanaonekana kutokeza nje, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usinunue matone ya macho kwa kukisia tu, kwani yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, yakitumika bila daktari yanaweza kupandisha presha ya macho.

Na uvimbe usioondoka kutwa, ukaambatana na miguu kujaa au mkojo wenye povu, unaweza kuwa unatoka kwenye figo. Shangazi yangu alikaa miezi akikanda macho yake kwa vifuko vya chai, nami ndiye niliyemfundisha. Alipokubali kupimwa, mkojo wake ulikutwa na protini nyingi. Anatibiwa, na anaendelea vizuri. Lakini siku hizi mtu akiniuliza kuhusu macho yaliyovimba, kabla sijamtajia kitambaa wala chai, namuuliza kwanza: mchana yananywea?