Cheti cha Siku Tano Hakimpeleki Muuguzi Kambini

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, na huu ni mwaka wangu wa pili katika kituo cha afya wilayani Kasulu. Ningependa kufanya kazi na mashirika ya misaada, kisha baadaye niingie katika afya ya jamii. Wakala mmoja ananitaka nilipe shilingi 450,000 kwa kozi ya siku tano ya huduma za dharura, akidai kwamba cheti hicho ndicho mashirika yanachokitazama na kwamba atanitafutia nafasi kambini. Je, niache kazi nijiunge, au nianze na shahada ya afya ya jamii?

JIBU: Usilipe, na kazi usiiache. Swali hili hunifikia kila mara kwa sura mbalimbali, na kinachonikera zaidi ni ile imani kwamba dharura ni fani ya peke yake, yenye elimu ya siri ambayo muuguzi wa kituo cha afya hana mpaka auziwe.

Kumbuka yaliyotokea mkoani kwako mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokwama Kagunga, kijiji kidogo kilicho ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakisubiri kusafirishwa kwa meli, ikiwamo MV Liemba, hadi Kigoma mjini. Kipindupindu kilizuka na watu wapatao 30 walifariki. Katika hali kama ile anahitajika mtu anayeweza kumtofautisha haraka mgonjwa wa kunyweshwa ORS (maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na yule anayestahili dripu ya Ringer's Lactate papo hapo, anayeweza kuupata mshipa uliokwisha kunywea, na anayeandika bila kuchoka kila mgonjwa ametoka wapi na alianza kuhara siku gani. Hilo la mwisho ndilo linalomwingiza muuguzi katika afya ya jamii, kwa sababu daftari likionyesha kwamba wagonjwa wengi wanatoka upande mmoja, wataalamu wa maji na usafi wa mazingira wanajua pa kuanzia. Daftari hilo unalo tayari mezani pako, nalo ni MTUHA, daftari la takwimu za wagonjwa wa kituo, lile ambalo wengi wetu hulijaza mwisho wa mwezi kwa kukisia ili mradi ripoti ifike wilayani.

Anayepitia maombi ya kazi huanza na usajili na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha huangalia umefanya kazi wapi, katika wodi gani na kwa muda gani. Madaktari Wasio na Mipaka, kwa mfano, kwa nafasi za nje ya nchi huomba kwa kawaida uzoefu usiopungua miaka miwili, na anayejua Kifaransa ana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa shughuli zao nyingi ziko Kongo, Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hata hivyo, wafanyakazi wengi wa mashirika haya huajiriwa ndani ya nchi zao wenyewe, na wewe unaishi katika wilaya yenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996. Nakushauri ukae miaka yako katika wodi ya wazazi, ya watoto na ya utapiamlo, kwa sababu huko ndiko kazi ya kambini inakofanana na yako.

Shahada ya afya ya jamii itakufaa utakapotaka kupanga na kusimamia huduma, na utaielewa vizuri zaidi ukiwa umekwisha kushika takwimu za kituo chako. Kabla ya hapo, muulize mganga mkuu wa wilaya kuhusu mafunzo ya awali ya epidemiolojia, yaani elimu ya kufuatilia jinsi magonjwa yanavyoenea, ambayo huchukua takribani miezi mitatu mtumishi akiwa kazini.

Nirudi kwa wakala wako. Kwamba mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, kwamba choo kimoja kisizidi watu 20, na kwamba vifo viwili kwa kila watoto 10,000 wa chini ya miaka mitano kwa siku ni dalili ya hatari kubwa, yote hayo yamo katika mwongozo wa Sphere wa viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu, unaosomwa bure kwenye intaneti. Shirika la Afya Duniani nalo hutoa kozi bila malipo. Wakala, basi, anakuuzia kilichogawiwa bure, halafu anaongeza ahadi ambayo hana uwezo wa kuitimiza, kwa maana mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada katika hatua yoyote ya ajira, iwe maombi, usaili au mafunzo. Tangu Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025 nafasi zimepungua, na uhaba huo umewanufaisha sana watu wa namna hii, kwani mwenye shida ya kazi hahoji sana.

Wengine wao hawatafuti fedha peke yake. Huomba nakala za vyeti, kitambulisho na leseni kwa kisingizio cha kukuombea kazi, na nakala hizo zikiwa mikononi mwao, mtu asiyejua hata kupima shinikizo la damu anaweza kujitambulisha kwa namba yako ya usajili katika zahanati ya mbali. Kama umekwisha kumtumia chochote, lijulishe Baraza kwa maandishi wiki hii, upeleke taarifa polisi pamoja na ujumbe wake wote wa simu, na usiufute hata mmoja.